Nukta Sita za Paris

Kabla ya Louis Braille, vipofu wa Paris walifundishwa kwa herufi za kawaida zilizotunishwa juu ya karatasi nzito, kidole kikitambaa polepole juu ya kila umbo, na mwanafunzi, awe hodari namna gani, asiwe na njia nyepesi ya kuandika alichokusudia. Braille, aliyepofuka utotoni kwa kujidunga na chombo cha kazi ya babake, alitoa mwaka 1829 hati ya nukta sita, ambayo kila herufi yake ncha ya kidole huidiriki kwa mguso mmoja, na kipofu huiandika mwenyewe kwa kibao na kalamu ya chuma. Skuli yake ya vipofu, ajabu ya Mungu, haikuikubali rasmi hata ulipofika mwaka 1854, naye keshafariki.

Zama za kompyuta zimeufufua ubishi ule wa maandishi ya macho na maandishi ya vidole: waraka uliopigwa picha, ambao machoni petu ni maandishi, programu ya kusomea skrini, pasipo kutambuliwa herufi zake kwanza, haioni humo hata herufi moja, ilhali matini halisi hugeuzwa papo hapo kuwa sauti, au nukta zinazoinuka chini ya vidole. Mkataba wa Marrakesh wa 2013 umeruhusu nakala za vitabu zinazosomeka na vipofu zivuke mipaka ya nchi zilizouridhia pasipo idhini ya mwenye hakimiliki. Lakini kuzieleza kwa maneno picha na michoro iliyomo kumebaki juu ya mwandishi wa somo.