Mjerumani Aliyekabidhiwa Gallipoli

Desemba 1913, Jenerali Otto Liman von Sanders aliwasili Istanbul akiongoza ujumbe wa maofisa wa Kijerumani wapatao 40. Dola ya Uthmaniyya ilikuwa imetoka kushindwa vibaya katika vita vya Balkani, naye aliitwa kulijenga upya jeshi lake. Alipopewa pia kikosi kilicholinda mji mkuu, Urusi ikaja juu: haikutaka Mjerumani ashike mlangobahari uliopitisha nafaka yake. Januari 1914 ikapatikana njia ya kuficha aibu. Alipandishwa cheo, kikawa kikubwa mno kwa kikosi kile, akafanywa Inspekta Mkuu wa jeshi zima.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimtoa kwenye ushauri vikamtia kwenye amri. Machi 18, 1915, manowari za Uingereza na Ufaransa zilizuiwa Dardanelles, na siku sita baadaye Waziri wa Vita, Enver Pasha, ambaye hakupatana naye sana, akamkabidhi Jeshi la Tano: divisheni 6, askari wapatao 80,000. Aliwakuta wametandazwa pwani nzima. Akaacha walinzi wachache ufukweni, akakusanya nguvu nyuma, akawazoesha askari kutembea usiku ili ndege za adui zisiwaone. Kazi yote hiyo ilifanyika katika mwezi mmoja.

Lakini mahali alipakosea. Alfajiri ya Aprili 25 alipanda farasi hadi Bolayır, kwenye shingo ya rasi ya Gallipoli, akiamini adui atashukia huko. Meli alizoziona zilikuwa hadaa. Adui alikuwa akishuka Seddülbahir na Arıburnu, na kule Arıburnu Luteni Kanali Mustafa Kemal aliipandisha Divisheni ya 19 vilimani bila kungoja amri ya Liman.

Kwangu mimi, ukubwa wa Liman unaonekana Agosti 8. Waingereza walikuwa wameshuka Suvla, na kamanda wa Kituruki wa eneo lile akasema askari wake wamechoka, hawawezi kushambulia jioni ile. Liman akamwondoa palepale, na nafasi yake akampa Mustafa Kemal, yule yule aliyeziba kosa la Aprili. Asubuhi vilima vya Anafarta vikashikwa. Januari 1916 adui wa mwisho akaondoka Gallipoli.

Mwaka 1918 hapakuwa na wa kuziba. Huko Palestina, alikokuwa akiongoza sasa, jeshi lake lilivunjika, na Septemba 20 wapandafarasi wa Uingereza waliingia Nazareth, makao yake makuu, naye akaponea chupuchupu. Oktoba 31, mjini Adana, alikabidhi amri na kuaga. Aliyeipokea ni Mustafa Kemal.