Damu ya Mzee

Ndugu wanafunzi wa zamani, nanyi vijana mliopo madarasani, mnaikumbuka injini ndogo ya mbao na bati iliyo dirishani mwa maktaba? Ni mfano wa injini ya mvuke Na. 5918, Mount Gelai. Injini za aina hiyo, 59, zilikuwa 34. Beyer Peacock wa Manchester waliziunda mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya Reli ya Afrika Mashariki, na kila moja ilipewa jina la mlima. Gelai uko kwetu Tanzania. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na reli ikagawanywa.

Mwaka jana niliombwa kuziba mikwaruzo ya mfano huo. Usiku, chini ya taa, nilichanganya rangi ya akriliki, nyekundu na kahawia, hata ikafanana. Ilipokauka ilikoza, na asubuhi kiraka kilionekana kama kovu. Nikakibandua.

Nilisafiri hadi Makumbusho ya Reli, Nairobi, iliko 5918 yenyewe. Rangi yake ni damu ya mzee iliyokolea. Yetu imepauka kwa jua la dirishani. Je, niipake yote upya? Nilikataa. Aliyeipaka ni mwenzetu wa darasa, sasa marehemu, na mistari ya brashi yake bado inaonekana.

Basi nililinganisha na rangi iliyopauka: tone kwa tone, nikijaribia kwenye kipande cha bati, nikingoja ikauke, nikiitazama mchana. Vijana, itunzeni, lakini isogezeni mbali na jua.