Posho na Bustani: Kumbukumbu za Ustawi katika Katanga ya Zamani

Bendera, iliyoko kaskazini ya Kalemie, hutajwa katika vitabu vya historia kwa mambo mawili: kituo cha umeme wa maji cha mto Kiymbi, kilichojengwa enzi ya Wabelgiji, na shambulio lililoshindwa la Juni 1965, ambamo Wakuba wa Che Guevara walishiriki. Wakazi wake walilima nini nyuma ya nyumba zao, vitabu hivyo havisemi. Kimya hiki si cha Bendera tu. Kinaenea katika makambi ya kazi ya Katanga, jimbo ambalo Tanganyika ilitengwa nalo mwaka 2015, na mahali panapofaa kukichunguza ni Lubumbashi, ambako masimulizi ya wafanyakazi yamekusanywa kwa wingi.

Neno la msingi ni posho. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière du Haut-Katanga iliamua kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao, ikawagawia chakula. Gécamines iliirithi migodi mwaka 1967, na desturi hiyo pia. Kampuni ikawa baba. Kisha, Septemba 1990, mgodi wa Kamoto uliporomoka. Uzalishaji wa shaba, uliokuwa umezidi tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ulishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Mishahara ikachelewa, posho ikakatika.

Hapo ndipo jembe lilipookoa nyumba. Wanawake walilima mahindi na mihogo kandokando ya mji, na lengalenga na matembele uani. Donatien Dibwe dia Mwembu, katika kitabu chake cha 2001 juu ya "Bana Shaba" waliotupwa na baba yao, ameonyesha jinsi mamlaka ya mume yalivyotikisika pale mke na watoto walipokuwa walishaji.

Hata hivyo, katika masimulizi ya wastaafu bustani aghalabu huja mwishoni, kama dalili ya kuanguka. Sarufi yenyewe yafaa kuangaliwa. Anayesimulia enzi ya posho huweka kampuni kuwa kiima: ilitupa, ilitutibu, ilitusomesha, yeye mwenyewe ni yambwa, kiambishi -tu- tu. Anayesimulia bustani husema "tulilima". Ni ajabu kwamba wakati ambao watu walitenda zaidi ndio unaokumbukwa kuwa wa unyonge! Lakini si ujinga. Posho ilikuwa na siku yake maalumu, na ustawi uliosimuliwa ulikuwa uhakika wa kesho kuliko wingi wa chakula. Bustani, mvua ikikosa, haiahidi kitu.

Utafiti wa ulaji wa Lubumbashi uliohaririwa na Pierre Petit mwaka 2004, "Byakula" (ndivyo vyakula huitwavyo huko), ulianzia kwenye chungu badala ya kampuni. Njia hiyo ingefaa Bendera pia, na wa kwanza kuulizwa wangekuwa wanawake walioshika jembe.