Habari za Mitambo Iliyoshikwa na Kutu

Katika mwaka huu wa jubilei tumesikia habari nyingi za makanisa na shule zilizojengwa. Mimi nimeombwa niandike habari za karakana, nami nakubali kwa furaha, maana mikono iliyoshika nyundo nayo ilikuwa na fungu lake katika kazi hii. Tena liko shauri moja linalotungoja tulikate: kerezo kuukuu lililolala nyuma ya karakana yetu, je, liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, au litengenezwe?

Kabla ya kujibu, na tutazame nyuma.

Mwaka 1849, katika kijiji cha Rhynie huko Uskoti, alizaliwa Alexander Mackay. Baba yake alikuwa mchungaji, lakini kijana huyu alipenda sana mitambo. Akasomea uhandisi mjini Edinburgh, kisha akafanya kazi Berlin. Mwaka 1876 akatumwa na Church Missionary Society aende Uganda. Akafika Unguja, na mwaka 1877 akasimamia kazi ya kufyeka njia ya maili 230 toka Saadani mpaka Mpwapwa.

Wenzake walimtangulia mpaka Ziwa la Viktoria. Mwezi wa Desemba 1877 wawili wao, Smith na O'Neill, wakauawa Ukerewe, na mali ya misioni ikabaki Kagei, kusini ya Ziwa, pasipo mtunzaji. Mackay alipofika mwezi wa Juni 1878 akakuta chungu ya vitu: vipande vya boila pamoja na vitabu, mabomba ya mvuke pamoja na karatasi, herufi za kupigia chapa zimetapakaa, na kutu imeshika kila mahali. Mtu mwingine angalikata tamaa. Yeye alifanya kazi siku kumi, toka alfajiri hata giza, akichagua, akisugua, akipanga. Hata siku ya kumi mtambo wa mashua ukasimama mzima, haikukosekana hata parafujo moja.

Mwezi wa Novemba mwaka huo akafika kwa Kabaka Mutesa, na huko akaweka karakana yenye tanuru, kerezo na jiwe la kunolea. Alipofukuzwa mwaka 1887 katika siku za Mwanga, alihamia Usambiro, kusini ya Ziwa, akaanza tena. Stanley alipopita huko mwaka 1889 alikuta karakana imejaa zana, na wahunzi wanatengeneza boila ya mashua. Mackay alikufa hapo kwa homa, Februari 1890, naye hajatimiza miaka 41.

Sasa turudi kwenye kerezo letu. Kerezo huzungusha kipande cha chuma, na kisu kigumu kikakichonga. Karibu na mwaka 1800 fundi Mwingereza, Henry Maudslay, alitengeneza kerezo la chuma ambalo kisu chake hakishikwi kwa mkono, bali huendeshwa na parafujo ndefu. Na magurudumu ya meno huiunganisha parafujo hiyo na kile chuma kinachozunguka. Ukibadili magurudumu, hubadilika na nafasi ya hesi unayochonga. Basi kerezo zima laweza kuchonga vipande vya mashine nyingine, hata vipande vyake lenyewe.

Kulifufua kwataka saburi. Kwanza hufunguliwa kipande kwa kipande, na kila kipande hutiwa alama. Parafujo iliyoganda hulowekwa mafuta siku kadhaa, haipigwi kwa hasira. Kutu husuguliwa taratibu. Kisha hupimwa reli zinazobeba kisu: fundi hupaka rangi nyembamba ya buluu juu ya bamba lililonyooka kabisa, akalilaza juu ya reli. Palipopata rangi ndipo palipoinuka. Napo hupakwaruza kidogo tu, akapima tena, na tena, hata rangi ienee sawasawa. Ni kazi ya majuma, si ya saa.

Wazee wanaotaka kuuza wana neno la haki. Wasema paa la shule lavuja, na fedha ni haba. Wala mimi sisemi kila chuma cha kale kitunzwe. Kitanda chake kikiwa kimepasuka, na liuzwe. Lakini lipimwe kwanza. Bei ya chuma chakavu huliwa mara moja, bali kijana aliyejifunza kukereza atakula kwa kazi yake maisha yake yote.

Nami nina la kuungama. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mwalimu kijana, nilichukua gurudumu moja la meno katika kerezo hilo, nikalitundika mwembeni liwe kengele ya shule. Watoto wengi wameitwa darasani kwa sauti yake, nami nilijisifu kwa werevu wangu. Sikujua ya kuwa nimelinyima kerezo kiungo chake. Nimekwisha kulifungua mtini. Limo chumbani mwangu katika mafuta ya taa, na meno yake yote yangalipo.

Mwenye kipande kingine nyumbani, na akilete. Hataulizwa neno.