Konzi Moja ya Lukina: Suala la Kipimo katika Viongeza vya Asili vya Chakula cha Mifugo

Mwaka 1945 sampuli ya udongo ilichotwa katika shamba la majaribio la Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, ikapelekwa kwenye maabara ya Lederle. Humo Benjamin Duggar alipata bakteria wa rangi ya dhahabu aliyekuja kuitwa Streptomyces aureofaciens, na dawa iliyotokana naye, aureomaisini, ikatangazwa mwaka 1948. Wakati huohuo Thomas Jukes na Robert Stokstad walikuwa wakitafuta chanzo rahisi cha vitamini B12 kwa ajili ya vifaranga. Wakajaribu machicha yaliyobaki baada ya uchachushaji wa dawa hiyo. Vifaranga wakanenepa kupita kiasi ambacho vitamini peke yake ingeweza kueleza, na kuanzia hapo viuavijasumu vikaingia kwenye chakula cha mifugo karibu dunia nzima.

Naanzia mbali hivyo kwa makusudi. Machicha yale yalikuwa ya asili kama togwa ilivyo ya asili: udongo, kiumbe hai na uchachushaji. Lakini mijadala yetu huweka viuavijasumu upande wa “kemikali”, kisha mlonge, kitunguu saumu na mwarobaini upande wa “asili”, kana kwamba mpaka huo unatueleza jambo lolote kuhusu kitakachotokea tumboni mwa mnyama. Neno “asili” hutaja kitu kilikotoka. Halisemi kinafanya nini, kwa mnyama yupi, wala kwa kiasi gani. Naona swali hilo la mwisho ndilo tulilolitupa njiani, wafugaji na watafiti pamoja.

Tazama chakula cha kuku wa mayai kinavyochanganywa nyumbani. Pumba za mahindi humwagwa juu ya turubai, zikafuatwa na mashudu ya alizeti, dagaa waliosagwa (pamoja na mchanga wao, maana muuzaji naye anatafuta uzito), chokaa, chumvi na premiksi. Vyote hivyo hupimwa kwa mizani, au walau kwa debe na kopo. Mwishoni huletwa mfuko wa majani makavu ya lukina, na hayo hutiwa kwa konzi. Ukiuliza konzi ngapi, utajibiwa kwamba hayana neno, si majani tu! Basi kipimo kinategemea ukubwa wa mkono wa aliye zamu siku hiyo.

Lukina inastahili heshima zaidi ya hiyo. Mti huu, ambao kwao ni Mexico na Amerika ya Kati, una majani yenye protini ghafi ya asilimia 20 hadi 25 ya uzito mkavu, na kwa mfugaji asiyemudu mashudu hiyo ni neema. Ndani ya majani hayohayo mna mimosini, asidi amino isiyojenga protini, ambayo kwa kawaida hufika asilimia 2 hadi 5 na huzidi kwenye machipukizi. Punda akila kwa wingi hupukutika singa za mkia. Sungura hunyonyoka manyoya. Kuku hudumaa na kupunguza kutaga, ndiyo maana mapendekezo ya kawaida hayavuki asilimia 5 ya chakula chake, ilhali ng'ombe huruhusiwa hadi takriban asilimia 30.

Hata kwa ng'ombe habari haiishii hapo. Tumboni mwake mimosini huvunjwavunjwa ikawa kemikali nyingine inayozuia kazi ya tezi ya shingo, na mnyama huota rovu. Mtafiti wa Australia, Raymond Jones, aliona kwamba mbuzi wa Hawaii walikula lukina bila kudhurika. Yeye na wenzake wakasafirisha maji ya tumbo la mbuzi hao hadi Australia, wakayatia kwenye matumbo ya wanyama wa huko, na madhara yakakoma. Bakteria aliyehusika alipewa jina lake mwaka 1992: Synergistes jonesii. Kumbe jani lilelile, kwa kiasi kilekile, ni chakula kwa mnyama mwenye bakteria huyo na sumu kwa jirani yake asiye naye.

Huenda mtu akapinga kwamba wafugaji wamelisha mifugo yao kwa karne nyingi bila mizani. Ni kweli, lakini malishoni mpimaji alikuwa ng'ombe mwenyewe. Akipelekwa kwenye udongo wa chumvi hulamba mpaka hamu yake ya sodiamu ikatulia, kisha huondoka. Hamu hiyo ya chumvi imethibitishwa; hatuna sababu ya kudhani mnyama ana hamu kama hiyo ya kumwongoza katika kila sumu ya majani. Na tukishasaga kila kitu tukakichanganya na pumba, hata uchaguzi mdogo aliokuwa nao tumemnyang'anya. Kupima kunakuwa juu yetu.

Lukina huuza mayai pia. Kwa kuwa chakula cha kuku wetu hutegemea sana mahindi meupe na pumba zake, kiini hutoka kimepauka. Majani yakiongezwa, xanthofili iliyomo hukipa njano ile ambayo mnunuzi huichukulia kuwa ushahidi wa yai la kienyeji. Kuku hawezi kujitengenezea rangi hiyo; anaipata kwenye chakula tu. Sioni ubaya, ila tukubaliane kwamba anayelipia njano amelipia rangi.

Ubaya upo kwenye kideri, ugonjwa wa kuku uitwao pia mdondo. Shubiri, pilipili kichaa na mwarobaini hulowekwa kwenye maji ya kunywa kwa imani kwamba vitauzuia, na banda zima huweza kuisha ndani ya siku chache. Shubiri haikuwaua kuku hao. Ilichukua nafasi ya chanjo, na chanjo ya I-2, inayostahimili joto, ni tone moja tu jichoni, linalorudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne.

Ulaya nayo ilikutana na suala hili la kipimo. Sweden ilikataza viuavijasumu vya kukuzia mifugo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukakamilisha katazo lake tarehe 1 Januari 2006. Wafugaji wengi wa nguruwe wakategemea oksidi ya zinki kuzuia kuhara kwa watoto wa nguruwe walioachishwa kunyonya. Zinki ni madini ya lazima kwa kila kiumbe. Kwa miligramu 150 katika kilo ya chakula ni kirutubisho. Wao walitia takriban 2,500, mbolea ikarundika zinki ardhini, na mwezi Juni 2022 matumizi hayo ya kitabibu yakapigwa marufuku.

Kwa hiyo sidhani tunahitaji makala nyingine inayotangaza kwamba unga wa jani fulani “unafaa” kwa asilimia fulani bila kueleza jani lilikuwa changa au limekomaa, lilikaushwa juani au kivulini, na shehena iliyotumika ilikuwa na mimosini kiasi gani. Kabla ya hayo yote ipo kazi ndogo isiyohitaji maabara: kwenda mabandani na mizani ya jikoni, kuwaomba wachanganyaji ishirini watie lukina kama walivyozoea, na kupima uzito wa kila konzi.