Karatasi ya Zamu

Nilipoanza kazi Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa jotoardhi nchini Kenya, kila kisima cha mvuke kilikuwa na karatasi yake. Unasoma geji, unaandika shinikizo la mvuke, unatia sahihi. Zamu ikiisha, mwenzako anaisoma karatasi ile mbele yako kabla hujavua kofia. Ukidanganya usiku, asubuhi mtambo utakuumbua.

Kwa mazoea hayo, habari za kashfa ya Anglo Leasing zinanikera hadi leo. Mwaka 2004 Maoka Maore, mbunge wa Ntonyiri, alisimama bungeni na nyaraka za mkataba wa pasipoti uliopewa Anglo Leasing, kampuni hewa yenye anwani ya Liverpool. Nyuma yake ikajulikana kuna mikataba mingine: maabara ya polisi ya uchunguzi wa jinai, na E-Cops, mradi wa vifaa vya kisasa vya polisi. Jumla mikataba 18, takriban shilingi bilioni 56, yote ikifunikwa kwa neno moja: usalama.

Halafu pesa zikaanza kurudi. Euro 956,700, malipo ya awali ya pasipoti, zilirejea serikalini, na hakuna mtu aliyejitokeza kusema ni yeye aliyezirudisha. Mwizi harudishi mali gizani bila sababu; hapa sababu ilikuwa swali lililoulizwa hadharani. John Githongo, aliyekuwa akiyafuatilia hayo ndani ya serikali, alijiuzulu Februari 2005 akiwa Uingereza. Mwaka uliofuata Mkaguzi Mkuu, Evan Mwai, aliweka mezani ripoti yake juu ya mikataba hiyo.

Mwaka 2014 naukumbuka kwa mambo mawili. Hapa kwetu, vijiji vinne vya Wamaasai vilihamishiwa makazi mapya ya RAPland kupisha mtambo wa Olkaria IV. Wakazi hawakuridhika. Kwa kuwa wakopeshaji wa mradi walijulikana kwa majina, waliiandikia Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, wakasikilizwa, na mwaka 2016 makubaliano yakatiwa sahihi. Hayakuponya kila kidonda, lakini mlango wa kubisha ulikuwepo.

Mwaka huohuo wa 2014 serikali ililipa shilingi bilioni 1.4 za madeni yaliyodaiwa kutokana na mikataba ile ya Anglo Leasing. Tena kampuni ya simu ya Safaricom ikapewa, bila zabuni ya wazi, kazi ya shilingi bilioni 14.9 ya mawasiliano ya polisi na kamera 1,800 za Nairobi na Mombasa. Wabunge walihoji, lakini baada ya uamuzi kupita. Sisemi kamera zile ni wizi. Nasema anayemulikwa ana haki ya kujua nani kauza taa, na kwa bei gani.

Mahali kamera ilipofichwa panaweza kuwa siri ya polisi. Bei na jina la muuzaji si siri. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kuomba taarifa, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Andikeni barua, mhesabu siku.