Korosho ya Chiungutwa na mnunuzi mwenye milango mingi

Nchi tajiri hainunui kwa mazoea. Ukitaka kuliona hilo, si lazima uende London. Nenda Chiungutwa, wilayani Masasi, mwezi Oktoba, korosho zinapodondoka.

Somo la kwanza lilitolewa jirani tu, Nachingwea. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilipungukiwa mafuta ya kula, ikaamua kutafuta chanzo kipya. Mwaka 1947 ikaanzisha mashamba makubwa ya karanga Tanganyika, na Nachingwea ikajengewa reli kutoka Mtwara. Ardhi na mvua vikagoma. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, pauni zaidi ya milioni 30 zikiwa zimeteketea. Waingereza wakanunua mafuta kwingine, basi.

Kwenye korosho, wauzaji ni sisi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilifikisha kama tani 145,000, kisha zao likaporomoka: wakulima walihamishiwa vijijini wakaiacha mikorosho, bei ikawa duni, na baadaye ukaja ugonjwa wa ubwiriunga. Kwani wateja walilala njaa? Hata! Wabanguaji wa India wakaagiza Afrika Magharibi, Vietnam nayo ikajifunza kubangua, na walaji wa Ulaya na Marekani wakaendelea kutafuna.

Leo wanatupendea msimu wetu. Sisi huvuna kuanzia Oktoba, Afrika Magharibi kuanzia Februari. Kwa hiyo tunawazibia pengo. Lakini hawanunui macho yamefumbwa. Korosho hupasuliwa, hupimwa unyevu, na hukadiriwa gunia la kilo 80 litatoa kiini kiasi gani. Ndo maana mkulima anaambiwa aanike vizuri na kuchambua kabla ya kufika ghalani: daraja la pili si bei ya daraja la kwanza.

Mwaka 2018 wanunuzi walileta bei ya chini, wakulima wakakataa. Novemba, Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likasomba mzigo. Ilikuwa ishara kubwa, ila tatizo la msingi lilibaki palepale: mwenye korosho ghafi humtegemea mbanguaji, na wabanguaji wakubwa wako India na Vietnam.

Viwanda vya kubangua tulijenga miaka ya 1970, vingi vikaishia kuwa maghala. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Korosho ikibanguliwa hapa, na ikabanguliwa vizuri, nasi tutakuwa na mlango wa pili wa kubisha.